Simu na Linux: waya wa USB au KDE Connect?

Kuhamisha faili kati ya simu na kompyuta ya Linux, unaweza kutumia waya wa USB au KDE Connect, programu inayounganisha vifaa hivyo viwili kupitia mtandao. Kwa video nzito, waya hauna mpinzani: hautegemei Wi-Fi hata kidogo. Tatizo ni waya wenyewe. Ukienda Luthuli Avenue, Nairobi, utapata nyaya za bei rahisi zinazochaji tu, hazipitishi data. Chomeka, fungua skrini, chagua kuhamisha faili badala ya kuchaji, kisha andika lsusb, amri ya kuorodhesha vifaa vya USB, kwenye temino (dirisha la kuandika amri). Simu isipoonekana, badilisha waya kabla ya kulaumu Linux.

KDE Connect ni ya bure na haichakazi tundu la chaji. Inataka simu na kompyuta ziwe kwenye mtandao mmoja, na milango ya mtandao (ports) 1714 hadi 1764 iwe wazi kwenye ngome (firewall) ya kompyuta. Wi-Fi ya mkahawa mara nyingi huvitenga vifaa visionane, kwa hiyo washa hotspoti ya simu.

Tundu limelegea, au unatuma picha mbili tatu kila siku? KDE Connect. Unahamisha kila kitu kabla ya kuuza simu? Waya.