Flex na kazi ya kusoma herufi: tathmini ya mtumiaji wa Mtwara

Flex ni programu ya bure inayomtengenezea mwandishi wa lugha ya kompyuta leksa, yaani ile sehemu inayopokea maandishi herufi baada ya herufi na kuyakata kuwa maneno, namba na alama kabla kichanganuzi hakijaanza kuangalia sarufi. Lex iliyoitangulia iliandikwa na Mike Lesk na Eric Schmidt, yule yule aliyekuja kuongoza Google, mwaka 1975. Flex yenyewe iliandikwa na Vern Paxson katika miaka ya 1980. Wanaoisifu husifu zaidi ruwaza zake, yaani vielelezo vinavyoieleza neno au namba inafananaje. Mimi ninaitumia hapa Mtwara katika lugha ndogo ya kanuni za makato ya korosho, ambayo makarani wa vyama vya msingi huiandika wenyewe, na kwa maoni yangu ubora wake mkubwa uko katika namna inavyosoma faili, kama ambavyo udhaifu wake mkubwa nao uko hapo hapo.

Anayeandika leksa kwa mkono katika lugha ya C huanza na getc, ambayo humpa herufi moja kila anapoiita. Njia hiyo inaeleweka haraka, ila ina mitego yake: thamani inayorudi lazima ihifadhiwe kama int (namba nzima ya kawaida), kwa sababu ikiwekwa kwenye char (aina ya baiti moja tu), baiti yenye thamani 255 inaweza kudhaniwa kuwa mwisho wa faili; na kila inapobidi kuchungulia herufi ya mbele, kwa mfano kujua kama baada ya alama ya „<“ kuna „=“, mwandishi ndiye anayetakiwa kukumbuka kuirudisha. Flex humwondolea mwandishi kazi hiyo yote. Huvuta maandishi kwa mafungu, ikayaweka kwenye bafa, yaani hifadhi ya muda kwenye kumbukumbu, ambayo kwa kawaida ni ya baiti 16,384, kisha ikachungulia mbele na kurudi nyuma humo humo bila kuligusa faili tena. Tokeni, yaani kipande kimoja kama neno au namba, ikiwa ndefu kuliko bafa, bafa hupanuliwa, isipokuwa kama umetumia REJECT, amri ya kuikataa ruwaza iliyolingana na kujaribu inayofuata, kwenye kanuni zako. Hapo programu husimama na kulalamika, na kusema kweli REJECT inapunguza kasi kiasi kwamba sioni sababu ya kuitumia.

Tatizo ni kwamba Flex haijui herufi, inajua baiti. Kwa Kiswahili mtu anaweza kudhani jambo hili halituhusu, kwa kuwa kila herufi yetu inatosha katika baiti moja. Chukua mstari huu:

kato usafiri = 30 kwa kilo kama kata ni Ng’apa

Karani aliyeuandika kwenye simu au kwenye programu ya kuandikia barua hakubonyeza kitu cha ajabu, lakini programu ilimgeuzia alama ya king’ong’o ikawa ile iliyopinda, ambayo katika UTF-8, mfumo wa kawaida wa kuhifadhi herufi kwa baiti, ni baiti tatu: E2, 80 na 99. Flex inasoma „Ng“ kuwa neno kamili, inakutana na baiti tatu isizozitambua, kisha inaanza neno jipya „apa“. Ukiwa na kanuni ya mwisho ya kukamata kila kisichojulikana, kosa moja linatangazwa mara tatu. Ukiwa huna, Flex inazitupa baiti hizo kwenye skrini kimya kimya na kuendelea na safari, jambo ambalo ni baya zaidi. Hesabu ya safu, yaani nafasi ya herufi katika mstari, nayo inapotoka kwa mbili kuanzia hapo hadi mwisho wa mstari, hivyo karani anaoneshwa kosa mahali ambapo hakuna kosa.

Dawa yake ipo, na ndiyo inayonifanya niendelee kuipendekeza programu hii. Makro ya YY_INPUT, kipande cha msimbo ambacho Flex hukitumia kuvuta maandishi, humruhusu mwandishi kuchukua usomaji mikononi mwake: unasoma fungu mwenyewe, unageuza baiti hizo tatu kuwa alama moja ya kawaida, unaondoa 0D inayotangulia 0A (baiti ya mwisho wa mstari) katika mafaili ya Windows, unaruka EF BB BF, baiti za utambulisho wa UTF-8 ambazo Notepad ya matoleo ya zamani huziweka mwanzoni mwa faili, ndipo unaikabidhi Flex maandishi safi. Cha kuangalia ni mpaka wa fungu. Fungu linaweza kuishia katikati, E2 ikiwa huku na 80 ikiwa ng’ambo, kwa hiyo baiti iliyobaki lazima ihifadhiwe hadi usomaji unaofuata. Na ikitokea kwamba fungu zima lilikuwa ni hiyo E2 peke yake, usirudishe sifuri, kwa maana Flex huielewa sifuri kuwa faili limekwisha. Endelea kusoma hadi upate kitu cha kumpa au faili liishe kweli.

Maelezo yanayokuja nayo ni mazuri na yanasomeka bila intaneti, faida ambayo mtu wa Newala au Liwale ataithamini bando linapoisha. Hata hivyo, mifano mingi ya zamani inayozunguka mitandaoni hulinganisha matokeo ya input(), kitendakazi cha Flex cha kusoma herufi inayofuata, na EOF, alama ya C ya mwisho wa faili, wakati matoleo ya karibuni hurudisha 0 faili linapoisha. Maoni ya msimbo (maelezo ya kando ambayo leksa huyaruka) ambayo hayakufungwa hadi mwisho wa faili yanatosha kuifanya leksa ya namna hiyo izunguke bila kikomo.

Kwa anayetaka UTF-8 bila kuhangaika, re2c, programu nyingine ya kutengeneza leksa, ambayo leksa ya lugha ya PHP imejengwa nayo, inaielewa kwa chaguo moja tu, lakini kujaza bafa inakuachia wewe mwenyewe. Kwa lugha inayosomwa kutoka kwenye mafaili, kama hii ya makato, ningechagua Flex na YY_INPUT iliyoandikwa kwa uangalifu. Kwa programu ambayo mtu anakaa mbele yake akiandika mstari mmoja mmoja na kusubiri jibu, nisingeichagua, kwa sababu ruwaza kama \n+ (alama moja au zaidi za mwisho wa mstari) huifanya isubiri mstari wa pili kabla ya kujibu wa kwanza, na karani aliye na foleni ya wakulima dirishani hana muda wa kuandika mstari wa pili ili ajibiwe wa kwanza.