Gemu za Zamani: Mashine ya Kununua Kwanza, na ya Kuiacha Dukani

Desemba mpwa wangu aliletewa mashine mpya ya gemu. Tukaifungua sebuleni, diski ya gemu ya mpira wa miguu ndani, pedi mbili mezani, juisi pembeni. Mashine ikasema inajisasisha. Tukasubiri. Bando la mama yake likakata kabla refa hajapuliza kipenga cha kwanza. Kesho yake tulipofanikiwa kuingia, ikatutaka tufungue akaunti, tukubali masharti ambayo hakuna aliyeyasoma, kisha ikatupitisha kwenye duka linalouza wachezaji kwa pesa za kweli.

Nikakumbuka kibanda cha gemu cha mtaani kwetu. Pale unamkabidhi mwenye kibanda sarafu, unashika pedi, na anayefungwa anapisha. Masharti yalikuwa hayo tu.

Tangu siku hiyo watu watatu wameniomba niwatafutie mashine ya gemu za zamani, na wote watatu walikuwa wameshaonyeshwa kitu kibaya dukani. Kosa lao ni moja: walikuwa wanasoma namba kwenye boksi. Gemu 400, gemu 10,000, gemu 20,000. Hiyo namba isahau. Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ina ukubwa wa kilobaiti 40, yaani ni nyepesi kuliko picha ya keki unayotumiwa WhatsApp. Kujaza maelfu ya gemu za namna hiyo kwenye kadi hakumgharimu mtu chochote, na ukizifungua utakuta gemu ileile imerudiwa mara sita kwa majina sita.

Mimi napanga kwa swali lingine: utacheza na nani? Wengi wanaodai wamezikumbuka gemu wamewakumbuka watu waliokaa nao kwenye benchi wakizicheza. Kwa hiyo mashine yenye pedi mbili na televisheni, kwangu mimi, inaanza na pointi za bure. Bei siandiki, maana bei ya Kariakoo ya asubuhi si ya jioni, na ya Luthuli Avenue kule Nairobi inategemea umevaa nini.

Kabla hujatoa hata senti, jaribu na simu uliyonayo. Programu ya PPSSPP inapatikana bure tangu 2012 na inacheza gemu za PSP, ile mashine ya mkononi ya Sony, hata kwenye simu za kawaida. RetroArch nayo ni bure, na inacheza gemu za mashine nyingi za zamani kwa mpigo. Cheza wiki moja. Ukiona siku ya tatu umeshachoka, basi ulikuwa na hamu ya utoto tu, na umeokoa pesa zako. Ukinogewa, utagundua vidole vinateleza kwenye kioo na kwamba mtu hupiga simu hasa wakati wa penalti. Hapo ndipo pa kwenda dukani.

Namba moja: PlayStation 2 ya mtumba

Najua wapo watakaobisha. Mashine hii iliingia sokoni Japan mwaka 2000, na Sony waliacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013, hivyo hata ile changa kabisa imeshazeeka. Lakini ziliuzwa zaidi ya milioni 155 duniani. Maana yake vipuri vipo, mafundi wapo, na pedi zake zinauzwa mpaka kwenye maduka ya chaji. Tena inasoma na diski nyingi za PlayStation ya kwanza. Unawasha, gemu inaanza. Haiulizi bando wala nenosiri.

Kagua hivi, na usikubali kuharakishwa. Igeuze, soma stika ya chini. Namba ya modeli huanza na SCPH, na tarakimu ya mwisho inasema ilitengenezewa soko gani: 4 ni Ulaya, 3 Uingereza, 1 Marekani, 0 Japan. Kinachokuhusu zaidi ni umeme. Ikiwa stika au adapta inasema volti 100 au 120 peke yake, ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi zetu za volti 230 utanusa moshi kabla hujaona picha. Ndugu yangu mmoja aliunusa.

Kisha mwambie muuzaji aweke DVD, halafu aweke na CD ya kawaida. Lenzi inaweza kusoma aina moja na kuikataa nyingine, na muuzaji mjanja atakuonyesha ile inayosoma tu. Ikigonga-gonga kwa ndani kama saa ya ukutani, lenzi inaelekea kufa. Mwisho chomeka pedi mbili, sio moja, na ubonyeze kila kitufe.

Lenzi ikifa si msiba. Ziko memori kadi zilizowekewa Free McBoot, ambazo huruhusu mashine kuanzisha gemu kutoka kwenye flashi bila diski. Mbili za kuzingatia hapa. Matoleo ya mwisho ya SCPH-90000 huikataa kadi hiyo, kwa hiyo ijaribu palepale dukani. Na tundu la USB la PS2 ni la kizazi cha kwanza, taratibu mno. Gemu nyingi zitakwenda, ila zile filamu fupi za katikati zitakatakata. Ukipata ile nene, nyingi zina nafasi ya kuweka hard disk kwa nyuma, na hapo tatizo hilo linakwisha. Mimi ningechukua nene kama ina afya. Nyembamba ni nzuri kwa anayehama nyumba mara kwa mara.

Kuhusu gemu zenyewe: kunakili diski unayoimiliki ni habari moja, kushusha za watu mtandaoni ni nyingine, na hilo la pili kisheria halijakaa sawa hata kama mtaa mzima unafanya.

Kama bado mna TV ya chogo stoo, usiitupe. PS2 inatoa picha kwa zile waya tatu, nyekundu, nyeupe na njano, na kwenye chogo picha inakaa inavyotakiwa. Kwenye TV bapa huwa na ukungu kidogo, na kuna kuchelewa: unabonyeza shuti, mchezaji anafikiria kwanza. Tafuta kwenye mipangilio ya TV hali ya gemu uiwashe, itapunguza.

Namba mbili: kijiti cha gemu cha HDMI

Hiki ndicho kinachouzwa sana sasa hivi, na naiweka hapa kwa shingo upande. Kiko kama flashi, unakichomeka nyuma ya TV bapa, na kinakuja na pedi mbili zisizo na waya. Boksi limeandikwa 4K kwa herufi kubwa, na huo ni utani tu: gemu ya zamani kama Contra haikuwahi kuwa na nukta za kutosha kujaza hata robo ya kioo hicho. Pedi zinakula betri ndogo za AAA kama mtoto anavyokula karanga, kwa hiyo hesabia betri za kuchaji kwenye bajeti. Gemu za NES, ile mashine ya Nintendo ya enzi ya Mario, na za Sega zinakwenda vizuri. Za PlayStation ya kwanza nyingi zinakwama-kwama.

Kikizima-zima chenyewe, usikimbilie kukirudisha. Mara nyingi USB ya TV haitoi umeme wa kutosha. Kitumie na chaja ya simu.

Kimeshika nafasi hii kwa sababu moja tu: dakika mbili baada ya kufungua boksi, watu wawili wanacheza. Bibi na mjukuu wanaweza kukigombania.

Namba tatu: mashine ya mkononi, R36S au Anbernic RG35XX

Kwa ubora, hizi zinakizidi kijiti kwa mbali. Kioo cha inchi 3.5 chenye nukta 640 kwa 480, umbo lilelile la TV ya zamani, hivyo picha inajaa bila kingo nyeusi za pembeni. PlayStation ya kwanza inakwenda safi. Unaweza kuhifadhi gemu popote ulipofika, ukashuka kwenye daladala, ukaendelea jioni. PSP zinaisumbua R36S, usidanganywe na tangazo.

Nimezishusha kwa sababu ni gari la abiria mmoja. Ukiwa msafiri, au unafanya kazi ya zamu za usiku, pindua mpangilio wangu uiweke ya kwanza, sitakulaumu.

Mambo mawili kabla ya kuagiza. R36S ina nakala feki nyingi zenye sura ileile, kwa hiyo nunua kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa. Pili, kadi ya kumbukumbu inayokuja nayo huwa haina jina la maana na hufa bila kuaga. Siku ya kwanza, kabla hujacheza, nakili kila kitu uweke kwenye kadi nzuri. Yangu ilidumu miezi miwili, ikaondoka na msimu wangu mzima wa ligi.

Namba nne: SUP, ile ya gemu 400

Hii ni mashine ndogo ya mkononi ya mtoto, au ya kumzuga mtoto wakati watu wazima wanaongea. Kioo ni kidogo, gemu ni za enzi ya Mario peke yake, na ukizima unaanza upya. Sifa yake kubwa ni betri: inatumia BL-5C, ileile ya Nokia za tochi, kwa hiyo ikichoka unapata nyingine kwa muuza vocha. Ina waya wa kuunganisha kwenye TV, na kuna zinazokuja na pedi ya pili. Chagua hizo.

Ile bastola ya gemu ya kupigia bata kwenye TV usiinunue kabisa kama huna chogo. Ilitegemea jinsi kioo cha zamani kinavyochora mwanga, na kwenye TV bapa bata wataruka mpaka kesho.

Nje ya mpangilio kuna Brick Game. Betri mbili za AA, kioo cha vijisanduku 10 kwa 20, na matofali yanayoshuka, wazo la Alexey Pajitnov aliyeitengeneza Tetris Moscow miaka ya 1980. Boksi linasema gemu 9,999. Za kweli unaweza kuzihesabu kwa vidole. Mama yangu anayo moja, kifuniko cha betri kimefungwa kwa rababendi. Ana rekodi ambayo hakuna aliyeivunja nyumbani, na tunamwamini kwa neno lake, maana ukitoa betri inafutika.