Aleji ya pua imegoma kusikia dawa? Nini cha kununua Dodoma, kuanzia kinachofaa zaidi

Mvua zinapoelekea kukatika Dodoma, nyasi zinachanua kila kiwanja kisichojengwa, na mtama na uwele, ambavyo ni vya ukoo mmoja na nyasi, vinapeperusha chavua yao kwenye upepo huo huo. Ndipo famasia za mjini zinapopokea watu wenye macho mekundu na leso mkononi wakiuliza swali moja: "Nimeshameza kila dawa, bado napiga chafya. Hakuna nyingine?" Ipo. Ila kabla hujatoa hela, jua kwanza ile ya mwanzo ilishindwa kwa nini, la sivyo utanunua ndugu yake kwa bei kubwa zaidi.

Sababu inayowakuta wengi ni kwamba wamekuwa wakinunua vidonge tu, tena kimoja kimoja siku wanapozidiwa. Vidonge vya antihistamini, yaani vidonge vya kawaida vya aleji, vinapunguza chafya, muwasho na makamasi mepesi. Pua iliyoziba havina nguvu nayo sana, kwa sababu pale tatizo ni uvimbe wa ukuta wa ndani wa pua, na uvimbe uliojijenga kwa wiki kadhaa hautulizwi na kidonge cha jioni moja.

Sababu ya pili ni ya hapa kwetu hasa. Si kila anayepiga chafya Dodoma ana aleji. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo ni mkavu, na mji unajengwa kila upande: Mtumba, Nzuguni, Nkuhungu, barabara mpya, viwanja vipya. Vumbi hilo jekundu linakwaruza hata pua ya mtu asiye na mzio wowote. Pua ya namna hiyo inakauka, inaziba, pengine inatoa damu, lakini haiwashi sana na macho yanabaki salama. Mtu wa aleji ya kweli anawashwa pua, macho na kaakaa, anapiga chafya mfululizo, makamasi yanatiririka kama maji, na mara nyingi yeye au mtu wa nyumbani kwao ana pumu au pumu ya ngozi. Ukiwa wa kundi la kwanza, kidonge cha aleji hakitakusaidia hata ukimeza mwaka mzima, wakati kifaa cha namba mbili hapa chini kinaweza kukupa nafuu kubwa kwa hela ndogo.

Namba moja: dawa ya kupulizia puani yenye steroidi

Kama una aleji kali na utanunua kitu kimoja tu, nunua hiki. Majina utakayokutana nayo ni flutikasoni, mometasoni, budesonidi na bekilometasoni. Kwenye boksi tahajia ni ya Kiingereza, lakini ukimtamkia mfamasia atakuelewa mara moja. Kwa pua iliyoziba dawa hizi zinashinda vidonge, na zinasaidia chafya na makamasi pia. Nne hizo hazipishani sana kwa nguvu, kwa hiyo usikubali kulipa mara mbili kwa sababu tu boksi moja limetoka mbali.

Steroidi ni dawa inayotuliza uvimbe. Watu wanaliogopa neno hilo, na hofu hiyo ina asili: wamewaona ndugu zao wakivimba uso kwa vidonge au sindano. Hii ya puani ni kitu kingine. Mpulizo mmoja wa flutikasoni una mikrogramu 50 tu, na karibu kazi yake yote inaishia pale pale puani.

Bei ya chupa itakushtua ukiilinganisha na karatasi ya vidonge, kwa hiyo piga hesabu ya mwezi badala ya kutazama bei ya dukani. Chupa nyingi za flutikasoni zina mipulizo 120. Mtu mzima huanza na mipulizo miwili kila tundu mara moja kwa siku, yaani minne, na chupa inamaliza siku 30. Dalili zikitulia anashuka hadi mpulizo mmoja kila tundu, na chupa ile ile inakwenda siku 60. Gawa bei kwa siku hizo. Kisha jumlisha ulichotumia mwezi uliopita kwa vidonge, leso, dawa za mafua na siku ulizoshindwa kufanya kazi. Kwa mtu mwenye aleji kali, mara nyingi chupa ndiyo rahisi.

Inashindwa kwa watu wengi kwa sababu ya matumizi. Haifanyi kazi kama dawa ya maumivu. Nafuu ya kwanza inaweza kuonekana siku ile ile au ya pili, lakini nguvu yake kamili huchukua hadi wiki mbili za kupuliza kila siku bila kuruka. Anayeipuliza siku ya vumbi tu na kuiacha kesho yake hajaijaribu. Unayejua kwamba aleji yako huamka mwezi fulani, anza wiki moja au mbili kabla.

Na namna ya kupuliza ni nusu ya dawa. Chupa mpya itikise, uipulize hewani mara kadhaa mpaka itoe ukungu laini. Penga pua. Inamisha kichwa mbele kidogo, usikirudishe nyuma. Tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na wa kushoto kwa tundu la kulia, ili ncha ielekee upande wa sikio, isielekee kwenye ukuta wa katikati. Kwa hewa kavu ya Dodoma ukuta ule hutoka damu upesi. Vuta pumzi taratibu. Ukiisikia dawa kooni, umevuta kwa nguvu mno na umeimeza.

Jambo moja nataka lisomwe vizuri. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zenye ritonaviri, kama zile za atazanaviri na ritonaviri, asinunue flutikasoni, mometasoni wala budesonidi bila kuongea na kliniki yake. Ritonaviri inazuia mwili kuivunja steroidi, ikajaa kwenye damu na kuleta madhara makubwa kutoka kwenye chupa ndogo ya pua. Bekilometasoni ndiyo kwa kawaida huwa salama zaidi kwao. Mfamasia hawezi kulijua hilo usipomwambia, basi mwambie, hata kama ni kwa kumwita pembeni.

Usitegemee kuipata kwenye duka la dawa muhimu la mtaani. Nenda famasia yenye mfamasia, na ujiandae kuulizwa cheti cha daktari. Mwenye bima aanzie hospitali na kuuliza kama iko kwenye orodha yake. Hakikisha boksi halijafunguliwa, tarehe haijapita, karatasi ya maelezo imo, na dawa imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania. Nyingi zinatakiwa zikae chini ya nyuzi joto 30, kwa hiyo chupa iliyoshinda dirishani juani au kwenye dashibodi ya gari mwezi wa kumi siyo ya kununua hata ikishushwa bei.

Namba mbili: kusafisha pua kwa maji ya chumvi

Ni rahisi kuliko vyote na hakina dawa ndani yake, ndiyo maana watu wanakidharau. Kinaondoa chavua, vumbi na makamasi mazito kabla havijakaa puani kutwa nzima, na kinaipa dawa ya namba moja njia ya kufika inakotakiwa. Kwa anayefanya kazi kwenye ujenzi, mwendesha bodaboda, au mwalimu anayeandika kwa chaki, ningekipandisha hadi namba moja.

Chupa maalumu za kusafishia pua zipo, ila huna sababu ya kuzitafuta. Nunua bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yenyewe. Chemsha maji yatokote kweli walau dakika moja, yaache yapoe hadi uvuguvugu, na kwa kila lita weka vijiko viwili vidogo vya chumvi. Inama juu ya beseni, fungua mdomo, sukuma taratibu tundu moja, maji yatokee la pili. Tumia jioni ukirudi nyumbani, na ndipo ufuatishe dawa ya kupulizia. Kama yakikuchoma, kipimo cha chumvi kimekosewa.

Usitumie maji ya kisima moja kwa moja eti kwa kuwa tayari yana chumvi, kama yalivyo ya visima vingi vya huku. Chumvi ile haina kipimo, na maji yasiyochemshwa yanaweza kuingiza puani vijidudu hatari. Maji unayokunywa salama si lazima yawe salama kwa pua.

Namba tatu: mchanganyiko wa azelastini na flutikasoni

Hii ni ya mtu aliyetumia namba moja kila siku, kwa namna sahihi, wiki mbili hadi nne, na bado analala akihema kwa mdomo. Chupa moja ina antihistamini ya kupuliza pamoja na steroidi. Inafanya kazi haraka zaidi, na kwa aleji kali inashinda steroidi peke yake. Ni ghali, ladha yake ni chungu, na famasia nyingi zitakuambia zikuagizie. Ningeipandisha kama isingekuwa bei. Onyo la ritonaviri linaihusu pia.

Namba nne: vidonge, lakini visivyo vya usingizi

Kwa aleji kali kidonge ni msaidizi wa dawa ya kupulizia. Kati ya vilivyopo, setirizini ndiyo inayopatikana kila mahali, ila watu kadhaa inawapa usingizi, hivyo imeze usiku. Loratadini inawapa usingizi watu wachache zaidi kuliko setirizini. Feksofenadini ndiyo ningempa dereva wa lori anayeishusha barabara ya Morogoro, kwa sharti moja: aimeze kwa maji. Juisi ya machungwa au ya tufaa inapunguza dawa inayoingia mwilini, na watu wanaimeza na juisi asubuhi kisha wanasema haifanyi kazi.

Piriton ni bei poa na wengi tumekulia nayo. Inalevya kwa usingizi, uzito wake unabaki kichwani hadi asubuhi, na haizidi hizi nyingine kwa aleji. Kwa anayeendesha chombo au mtoto aliye kwenye mitihani, iache dukani.

Macho yakiwasha sana hata baada ya hayo yote, ongeza matone ya olopatadini au ya kromoglikati. Usikubali kuuziwa matone ya macho yenye steroidi bila daktari kukupima jicho.

Vya nyumbani na barabarani

Barakoa ya KN95 siku ya upepo inastahili hela yake kuliko kitambaa, na miwani inayoziba pembeni inawasaidia sana wa bodaboda. Nyumbani, nunua dekio na uachane na ufagio mkavu, kwani ufagio unarusha tu vumbi litue upya kitandani. Shuka zifue kwa maji ya moto, na msimu wa chavua usizianike nje jioni yenye upepo. Mashine za kusafisha hewa zenye kichujio cha HEPA zinafanya kazi kweli, lakini chumba kiwe kimefungwa, na nani analala madirisha yamefungwa Novemba hapa? Nimeziweka mwisho kwa sababu hiyo.

Ambavyo nakusihi usinunue

Matone ya kuzibua pua, yenye zailometazolini au oksimetazolini, yanafungua pua ndani ya dakika, na hapo ndipo mtego ulipo. Yakipita siku tano pua inaanza kuziba kwa sababu yao wenyewe, unaongeza, inaziba zaidi. Wapo watu wanaotembea na kichupa hicho mfukoni mwaka mzima wakidhani ni aleji. Kaunta ukiomba "dawa ya kupuliza puani" unaweza kupewa hii, basi sema wazi: "Naomba ya aleji, yenye steroidi, siyo ya kuzibua."

Sindano ya aleji inauma roho yangu kuliko zote, kwa kuwa inasifiwa sana na inafanya kazi kweli kwa wiki kadhaa. Ni steroidi ya mwili mzima. Inapandisha sukari na presha, na ikirudiwa kila msimu inadhoofisha mifupa na kuzifanya tezi za mwili zisahau kutengeneza homoni zake. Miongozo ya kimataifa ya aleji ya pua haiipendekezi. Mwenye kisukari asiiguse bila daktari wake.

Antibayotiki haziui chavua. Asali haijathibitika kutibu aleji ya pua. Kujifukiza kunalainisha makamasi kwa muda, na kumewaunguza watoto wengi kwa maji ya moto. Montelukasti ni ya mwenye pumu pia, na kwa ushauri wa daktari: mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo lake zito kabisa kwa sababu ya madhara kwenye hisia na akili, yakiwemo mawazo ya kujiua.

Ukifuata yote na bado

Usiongeze chupa ya nne. Tundu moja tu likiziba muda wote, usaha wenye harufu, damu ya mara kwa mara, kupoteza harufu kwa miezi, au mtoto anayekoroma kila usiku, hayo ni ya daktari wa pua, masikio na koo. Kifua kikibana au kupiga filimbi usiku, inaweza kuwa pumu, na usisubiri msimu upite.

Kuna pia tiba ya kuuzoesha mwili, iliyoanzishwa na Leonard Noon kule London mwaka 1911: mgonjwa anapewa kiasi kidogo kidogo cha kile kinachomsumbua, kwa kawaida kwa miaka mitatu, baada ya kipimo cha ngozi au cha damu kuonyesha ni kitu gani. Haiuzwi dukani, na ni daktari bingwa pekee wa kukuambia kama inakufaa. Omba rufaa ya hospitali kubwa kama Benjamin Mkapa, na siku ya kliniki beba chupa na karatasi zote za dawa ulizowahi kutumia, hata zilizoisha, pamoja na daftari lenye miezi unayozidiwa na mahali unapokuwa dalili zinapoanza.