Modeli ya mnara wa USS Monitor, kipimo 1:48: matabaka manane, kosa moja

Aliyekata mabamba ya seti hii ya kuunga modeli hajawahi kukunja hata mkeka.

Mnara wa mizinga wa Monitor, meli ya kivita ya chuma ya Marekani (1862), ulijengwa kwa matabaka manane ya chuma, kila moja inchi 1. Hapa kila tabaka ni plastiki ya nusu milimita, nao mnara hauna paa, makusudi, ili ukingo uonekane kwa juu na matabaka yahesabike. Vizuri. Lakini kila tabaka linalozunguka lenzake lazima liongezeke urefu kwa milimita 3.1, na hawa wamekata yote manane urefu mmoja! La pili linaacha pengo la 3.1, la nane, milimita 22, upana wa kidole gumba. Nikamwandikia muuzaji. Jibu: "Jaza puti." Puti! Kwenye modeli ya kuonyesha matabaka!

Dawa yake: kata ukanda wa kuziba, 3.1 mara idadi ya matabaka yaliyo ndani. Kiungo cha tabaka moja kisiangukie kiungo cha jingine. Hata kwenye meli yenyewe vilipishana. Lowesha plastiki kwenye maji ya moto yasiyochemka, ifunge kwa mipira kwenye chupa nyembamba kuliko mnara, maana ikiachiwa hufunguka kidogo. Gundi ya majimaji ya plastiki usiipake bamba zima: mvuke wake hunaswa katikati na baada ya siku kadhaa plastiki inavimba mawimbi. Matone ya supa gluu yanatosha.

Nilikuwa niandike "msinunue". Halafu nikafunga pete ya shaba. Mnara halisi ulikalia pete kama hiyo sitahani, na kabla ya kuzungushwa ilibidi mhimili uinuliwe kwa kabari. Hapa kabari ipo na inafanya kazi: isukume, mnara unanyanyuka unene wa karatasi, unazunguka kwa kidole. Aliyeichonga anaijua meli hii. Hapo kwenye pete ndipo maji yalipopenya, kalafati, nyuzi za kuziba mianya, iliposhindwa, usiku ule wa kuzama, Desemba 1862.

Basi nunua, kwa ajili ya pete. Bei kamili, hapana. Mabamba saba kati ya manane utayaziba mwenyewe. Na mizinga miwili ya Dahlgren? Imenyooka, haina doa. Ndiyo maana inauma.