Haller Park Mombasa: uzoefu wangu, kwa watu wa Mbeya mnaopanga kwenda

Kuna ndugu aliniuliza ya nini kwenda mpaka Mombasa kuona twiga wakati Ruaha ipo hapo Iringa tu. Jibu langu, kama unataka wanyama tu nenda Ruaha, ila kama umekulia jirani na machimbo ya kokoto, au kule Songwe wanakochimba chokaa ya saruji, Haller Park, hifadhi ya wanyama iliyooteshwa ndani ya machimbo ya zamani, usiikose kabisa.

Lile eneo lote lilikuwa shimo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi 1954, wakachimba mawe ya matumbawe mpaka ikabaki sakafu nyeupe tupu, jua kali, maji ya chini yana chumvi, hakioti kitu. Mwaka 1971 ndo mtaalamu wa kilimo mzaliwa wa Uswisi, René Haller, akaanza kujaribu miti, akajaribu aina 26 zikakubali tatu tu na kinara akawa mvinje, ule mti wa pwani unaofanana na msonobari. Sasa mvinje unapukutisha vijani vyembamba vigumu ambavyo vilikuwa havitaki kuoza, vinarundikana tu juu ya jiwe, ndo wakaletwa jongoo. Jongoo hawahawa tunaowafagia uani jamani! Wakala yale majani, na kinyesi chao ndo kikaanza kutengeneza udongo.

Nilienda na mjomba wangu, huyu amegonga kokoto miaka mingi, watu wote wako bize na twiga yeye kachuchumaa pembeni ya njia anafukua kwa kidole, juu majani makavu, chini yake jongoo mweusi mwenye miguu myekundu kajikunja, halafu udongo mweusi laini, mara kidole kikagota kwenye jiwe jeupe. Akamuuliza mwongoza wageni, "Yaani msitu wote huu umeshikilia hapa tu?" Akajibiwa ndiyo mzee wangu. Mjomba hakutaka kuondoka pale.

Wanyama wapo wa kutosha, viboko, mamba, kuro, pofu, kobe wakubwa wa Aldabra, na twiga unamlisha mkononi kabisa, ulimi wake mrefu mweusimweusi unakuzungukia vidole. Ndo hapa alipoletwa Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004 akamganda kobe aitwaye Mzee.

Kinachoniuma ni kwetu, shimo likishaisha mawe linaachwa, masika linajaa maji wazazi roho juu, na mtu akisikia kupanda miti anakimbilia milingoti (mikaratusi) basi. Wenzetu walianza na udongo, wanyama wakaja baadaye. Natamani sana wenye machimbo huku wapelekwe wakaone kwa macho yao.

Kwa anayeenda: pitia Tanga mpaka Horohoro mpakani, beba hati ya kusafiria, vaa nguo nyepesi maana joto la kule kwa mtu wa Uyole si mchezo, na kulisha twiga kuna saa zake kwa hiyo uliza getini mapema.