Kwa Nini Miungu wa Exalted Hawaachi Kucheza

Habari zenu watazamaji, karibuni sana. Leo mezani nina kitabu kizito, hebu nikisogeze mbele ya kamera mkione vizuri. Hiki ni Exalted, toleo la tatu. Ni mchezo wa kuigiza wahusika, ule wa kukaa mezani na karatasi na dadu, mmoja wenu akiwa msimulizi na wengine kila mtu na mhusika wake. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2001 kwa White Wolf ya Marekani, la pili 2006, na hili likatoka 2016 chini ya Onyx Path. Jalada gumu, kurasa zaidi ya 600. Habari za kanuni na ununuzi zinakuja, ila kuna jambo lazima nilitangulize, kwa sababu ndilo linalonifanya nikipende kitabu hiki kuliko vyote nilivyo navyo. Miungu wake wanacheza. Dunia inaungua, wao wanacheza. Na sababu yao ni nzito kuliko unavyodhani.

Kwa wageni nieleze taratibu. Dunia ya mchezo huu iliumbwa na viumbe wakubwa mno, mimi nawaita Watangulizi. Walipomaliza kuumba hawakutaka shida ya kutunza. Wakaumba miungu wawe watumishi: huyu mito, yule majira, mwingine vita. Kila kitu kikapata mungu wake, mpaka jiwe la njiani. Watangulizi wenyewe wakakaa Yu-Shan, mji wa mbinguni, wakistarehe na mchezo mkuu uitwao Michezo ya Kiungu. Miungu wakabaki kazini, tena wamefungwa na kifungo kwamba hawawezi kuinua mkono dhidi ya waliowaumba.

Lakini kifungo kile kiliwabana miungu, wanadamu hakikuwagusa. Ndipo miungu wakachukua sehemu ya nguvu zao wakazitia ndani ya watu wa kawaida, na hao ndio Waliotukuzwa ambao mchezo umepewa jina lao. Mtangulizi mmoja, Autochthon, aliwasaliti wenzake akasaidia kuutengeneza ujanja huo. Jua Lisiloshindwa, mkuu wa miungu, alitoa wateule 300. Vita ikapiganwa, wanadamu wakashinda. Watangulizi wengine waliuawa, waliobaki wakafungwa, na wale waliokufa waliacha laana inayowatafuna mashujaa hadi leo.

Baada ya ushindi Jua, Luna ambaye ni mungu wa mwezi, na Mabinti watano wa nyota, yaani Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali, waliingia kwenye Kuba la Starehe la Jade, wakaketi na kuanza kucheza. Ndiyo basi. Mpaka hadithi yako inapoanza, bado wako humo.

Watu wengi wakifika hapa wanasema miungu hawa ni wavivu, au mwandishi alitafuta njia rahisi ya kuwaondoa ili wachezaji wapate nafasi. Nakataa. Tazama walichokigawa baada ya vita. Utawala wa dunia waliwapa wanadamu, ukawa zawadi yao. Mshindi gani wa vita anafanya hivyo? Anayefanya hivyo ni yule ambaye kiti cha enzi hakikuwa haja yake tangu mwanzo. Fikiria umeumbwa kwa ajili ya kazi. Kuajiriwa ni afadhali, maana mwajiriwa huwa na maisha kabla ya ajira. Wewe umeumbwa, na sababu ya kuwepo kwako ni zamu. Jua halijawahi kuwa na siku ambayo ni yake. Kitu pekee alichomwona bwana wake akikifanya kwa kupenda tu ni kucheza. Kwa mtumwa wa namna hiyo uhuru utakuwa na sura gani nyingine? Mimi ndivyo ninavyowasoma: wanacheza kwa sababu hiyo ndiyo saa ya kwanza maishani mwao ambayo hakuna aliyewatuma.

Na hapo ndipo uchungu unapoanza, kwa sababu mchezo wenyewe umewanasa. Kitabu kinasema wazi kwamba Michezo hii ni ulevi. Ukipita Mbuyuni hapa Moshi jioni ukawaona wazee kwenye drafti, aliyeketi hajui kwamba giza limeingia. Anayeteseka ni aliyesimama nyuma yake akingoja zamu. Yu-Shan imejaa waliosimama nyuma. Miungu wadogo wanagombea vyeo, wanahongana, wanaficha mafaili. Maombi ya wanadamu yanapanda juu na kugeuzwa kuwa mali ya kununulia upendeleo. Kuna idara tano za mbinguni, na idara ya hatima inategemea wateule 100 tu wa Mabinti kuzuia dunia isichanike. Walioteswa na mabwana wachezaji, leo wamekuwa mabwana wachezaji.

Kwetu Moshi jambo hili linagusa pabaya. Tumelelewa kanisani au msikitini, na wazee wetu walimjua Ruwa, Mungu wa Wachagga, kabla ya hapo. Mungu ambaye hasikii kwa sababu yuko mchezoni ni wazo linalomkera mtu kutoka ndani kabisa. Kwenye kundi langu kila mtu anajua hii ni hadithi, lakini waliposikia maombi yanavyogeuzwa fedha walikasirika kikweli, na hasira hiyo ndiyo imeendesha hadithi yetu.

Niwape mfano mmoja wa namna ya kuitumia. Nilitunga kijiji mlimani chenye mfongo, yaani mfereji wa maji, kama ile ya Uchaggani inayoshusha maji kutoka msituni hadi mashambani. Kwa kanuni za dunia hii mfongo una mungu wake, mungu mdogo kabisa. Maji yamepungua. Wanakijiji wanadhani wamelaaniwa. Wachezaji wakapanda kumtafuta mungu wa mfongo wakamkuta amechoka, ana rundo la taarifa alizoandika kwenda juu, na hakuna hata moja iliyosomwa, maana mkubwa wake anangoja mkubwa wake, naye anangoja kikao cha Kuba kiishe. Hakuna mwovu wa kumkata kichwa. Usiku kucha walibishana: tumfanyie kazi yake, au twende Yu-Shan tukapige hodi? Mimi nilikaa kimya nikiwasikiliza, nikaona kitabu kimelipa gharama yake.

Jambo jingine ninalolisifu sana: kanuni za Michezo ya Kiungu hazikuandikwa. Hujui wanarusha nini, hujui nani anaongoza. Wasimulizi wenzangu, nawaombeni msizitunge. Siku utakapozichora kwenye karatasi zitakuwa mchezo wa kawaida, na hakuna atakayeamini kwamba mbingu ziliasi kwa ajili yake.

Sasa kanuni zetu sisi. Unarusha dadu za nyuso 10. Kila inayoonyesha 7 au zaidi ni ushindi mmoja, 10 inahesabiwa mara mbili. Hiyo mtoto wa darasa la nne anaielewa. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba ukieleza tendo la mhusika wako kwa ufundi, msimulizi anakuongezea dadu mbili. Kwa watu waliozoea kusimulia kama sisi, meza inawaka moto.

Udhaifu upo na ni mkubwa. Sura ya karama, yaani uwezo wa kipekee wa wateule, haina mwisho. Karama zinafanana, zinategemeana, na mchezaji mpya anapotea humo. Mapigano nayo yana mapigo ya aina mbili: moja la kumnyang'anya adui nafasi, jingine la kumjeruhi. Likieleweka ni tamu, lakini mwanzoni mtasimama kila dakika kufungua kitabu. Tena kila kitu kiko kwa Kiingereza, kwa hiyo msimulizi ajiandae kutafsiri mezani.

Kununua: usafirishaji wa kitabu kizito kutoka nje ni ghali, hivyo kwa wengi wenu nashauri nakala ya kidijitali, kisha mkachapishe steshenari kurasa mnazozihitaji tu. Dadu za nyuso 10 mkizikosa, programu za simu zipo. Na kama ndiyo mara yenu ya kwanza, anzeni na Exalted: Essence, ambayo ni dunia hii hii kwa kanuni nyepesi zaidi. Hiki kikubwa kichukueni pale kundi litakapoanza kuuliza, kama langu lilivyouliza, mlango wa Kuba unafunguliwa kwa upande gani.