Kipimo cha hs-CRP kwa kijana mnene: kinastahili hela yake?

Mzazi akikuta hs-CRP, kipimo cha damu cha inflamesheni (mwako wa kinga ya mwili) iliyo ndogo sana, kwenye orodha ya vipimo vya maabara binafsi, hujiuliza kama ampime mwanawe mnene au abaki na hela yake. Kwa vijana wengi wa miaka 10 hadi 19 tunashauri abaki nayo, ingawa kipimo chenyewe ni kizuri.

Kinachopimwa ni CRP, protini inayotengenezwa na ini likipokea ishara ya IL-6, kemikali ya kinga inayochochea inflamesheni. Mafuta yanayozunguka viungo vya ndani ya tumbo yakizidi, seli za kinga huyavamia, na hapo IL-6 na mwenzake TNF-alfa humwagika kwenye damu. Kwa hiyo kijana mwenye kitambi anaweza kuwa na inflamesheni ya chinichini bila homa wala maumivu yoyote.

Ukiamua kupima, hakikisha fomu imeandikwa hs-CRP. CRP ya kawaida ni ya kusaka maambukizi. Mara nyingi majibu yake husema tu "chini ya 5", na mabadiliko yanayotafutwa hapa yako chini ya hapo. Kufunga kula si lazima. Malaria, mafua, jino bovu, mazoezi makali ya jana yake na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, vyote hupandisha namba. Ikivuka miligramu 10 kwa lita, tafuteni maambukizi kwanza, kisha mrudie kipimo baada ya wiki 2 au zaidi akiwa mzima. Mipaka ya miligramu 1 na 3 kwa lita inayotumika kusomea hs-CRP iliwekwa kwa ajili ya hatari ya moyo kwa watu wazima. Kumsomea nayo mtoto wa miaka 13 ni kumtia hofu bure.

Futi ya fundi cherehani inatosha kuanzia. Pima kiuno katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, akishatoa pumzi, ugawe kwa urefu wake. Sentimita 80 kwa 160 ni 0.5, na kuanzia hapo amuone daktari. BMI (kilo zake ukigawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) isomwe kwenye chati ya WHO ya miaka 5 hadi 19: mvulana wa miaka 14 mwenye BMI 23 tayari amezidi uzito, ilhali chati ya watu wazima ingempitisha. Hela ya hs-CRP ni bora ilipie HbA1c (wastani wa sukari ya damu kwa miezi michache), ALT (hali ya ini) na lehemu, kwa sababu majibu hayo hubadilisha matibabu.

Kwenye chakula, anzeni na soda. Chupa ya mililita 500 yenye gramu 10.6 za sukari kwa kila mililita 100 ina gramu 53, wakati WHO inataka sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku kwa anayekula kalori 2,000. Chipsi na maandazi zipishe dona, maharage, dagaa na mchicha. Vidonge vya bizari ya manjano havitafanya kazi hiyo ya chakula.

Msimshindishe njaa, maana bado anarefuka. Kijana wa kilo 60 na sentimita 155 ana BMI 25. Akifika 160 kwa kilo zilezile, inashuka hadi 23.4.